Mfereji wa Nne

Jumatatu jino la Kaltum lilikuwa na mifereji mitatu. Alhamisi lilikuwa na minne.

Dokta Alya binti Muhanna aliziweka filamu mbili sambamba kwenye kioo chenye taa, akazitazama kwa muda mrefu. Jino lilikuwa lilelile, gego la juu upande wa kulia. Mifereji mitatu ya ndani ya mizizi, ile aliyoisafisha na kuiziba kwa mkono wake mwaka uliotangulia, ilionekana myeupe kama mistari ya chaki. Ila kwenye filamu ya Alhamisi, ubavuni mwa mstari mmoja, palikuwa na uzi mweusi, mwembamba kuliko unywele, uliopanda juu na kupotelea kwenye mfupa.

Hakushtuka sana. Filamu ni kitu bapa. Mzizi mmoja hulala juu ya mwenzake kama vivuli vya watu wawili ukutani, na ukiisogeza mashine kidogo tu, aliyejificha nyuma anachungulia. Tena gego hilo la juu ndivyo lilivyo, mara nyingi lina mfereji wa nne ambao madaktari wa meno huupita bila kuuona. Hayo Alya alifundishwa Brussels, na tangu arudi Bujumbura kufungua kliniki yake mtaa wa Asiatique, juu ya duka la vitambaa, alikuwa amekutana nayo si mara moja.

Kilichomsumbua ni harufu.

Kaltum alikuwa mke wa Mazin, muuza vitenge, mama wa miaka hamsini na ushei ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nura kwa jina la binti yake wa kwanza. Jumatatu na Alhamisi hakuwa akitia kitu kinywani, wala chakula wala maji; hizo zilikuwa siku zake za kufunga sunna tangu ujana. Na siku zote mbili, alipoachama chini ya taa, Alya alipokelewa na harufu ya maharage yanayochemka, yametiwa mawese na kitunguu, na moshi wa kuni kwa mbali. Haikuwa harufu ya uozo. Ilikuwa harufu ya jiko la watu saa sita mchana.

Alimwuliza maumivu yanaanzia wapi. Kaltum alitazama kwanza mlango kama umefungwa.

“Jino haiumi, mwanangu,” alisema kwa sauti ndogo. “Iko inaita.”

Alya akamwuliza linamwita nani.

“Watoto. Lakini si wangu.”

Ulikuwa mwaka elfu mbili na nne, na vita vilikuwa vimetimiza miaka kumi na moja, vikipanda milimani na kushuka mjini vipendavyo. Mwaka uliotangulia, siku mabomu yalipoanza kuanguka mjini, Kaltum alikuwa amelala kwenye kiti hikihiki, jino limetobolewa, mshipa wake umetolewa nusu. Bomu la kwanza lilianguka mbali. La pili lilitikisa madirisha. Alya alisokomeza kipande cha pamba kwenye tundu, bila hata dawa ya kuziba ya muda, akamwambia mgonjwa arudi kesho, akakimbilia nyumbani kwa mama yake.

Kesho hiyo ilifika baada ya siku tisa. Kaltum na mumewe walikuwa wamekwama Kajaga, kando ya ziwa, ambako Mazin alikuwa na stoo. Stoo ilikuwa ya mabati matupu, hivyo wakajificha katika nyumba ya matofali ya jirani, ya mwalimu mmoja aliyeitwa Pierre. Mwenyewe hakuwapo, wala mkewe, wala watoto wao pacha. Majirani walisema walitoka asubuhi moja kwenda mjini na hakuna aliyewaona tena. Sufuria lilikuwa bado juu ya mafiga, na maharage ndani yake yameota ukungu.

Siku tisa, na jino liko wazi. Alya alikuja kulisafisha na kuliziba, akajiambia yamekwisha. Hakumsimulia mtu kwamba alimwacha mgonjwa na tundu kinywani akaokoa roho yake mwenyewe.

Alimwambia Kaltum arudi Jumatatu. Siku hiyo msaidizi wake, Médiatrice, mama mmoja Mkatoliki wa Ngagara ambaye kwa miaka minane Alya alikuwa hajawahi kumsikia akisema neno lisilo la lazima, alikuwa amesimama upande wa pili wa kiti na sinia la vifaa mkononi. Saa sita na nusu umeme ulikatika. Mashine ya hewa ikakohoa ikazima, taa ikafa, na kwa kuwa maduka ya chini yalikuwa yamefungwa kwa chakula cha mchana, kukawa kimya kiasi kwamba Alya alisikia saa ya mkononi mwake.

Kioo chake kidogo kilikuwa bado kinywani mwa Kaltum. Kwanza alidhani ni redio ya jirani, kisha akadhani ni mtu barabarani, kisha akainama karibu zaidi, harufu ile ya maharage ikimpanda puani, akiutazama ulimi wa Kaltum uliolala bila kutikisika na midomo yake iliyokauka kwa saumu, na hapo ndipo alipotambua kwamba sauti ya mwanamke anayeita kutoka ng'ambo ya ua, ndogo, ya mbali, isiyo na haraka wala hasira, sauti ya mtu aliyekwisha kupakua na anachelea chakula kisipoe, ilikuwa inatoka juu, ndani ya gego.

“Bukuru. Butoyi. Muze murye.”

Ikanyamaza. Ilinyamaza muda uleule ambao mama hunyamaza akisikiliza kama watoto wameitika. Kisha ikaita tena.

Médiatrice aliliweka sinia chini polepole, akamshika Alya kiwiko, akamvuta hadi kwenye korido. Bukuru na Butoyi, alimwambia, ni majina ya pacha, mkubwa na mdogo, na huyo ni mama anawaita waje kula. Mikono yake ilikuwa baridi.

“Tusimuitike, Dokteri,” alinong'ona. “Mutu akimuitika, hatatoka tena.”

Alya alikuwa mtu wa kuona kwanza ndipo aamini, na hata siku hiyo alijishikiza kwenye kile alichokijua. Mfereji wa nne upo. Filamu bapa haitoshi. Inatakiwa picha ya kuliona jino pande zote. Katika Bujumbura hakujua mashine ya kumpa picha ya namna hiyo. Akamshauri Mazin ampeleke mkewe Nairobi, naye Mazin, ambaye kwa wiki tatu alikuwa halali kitanda kimoja na Kaltum kwa sababu ya ile sauti, hakuuliza swali. Kaltum alikwenda na binti yake Nura, wakarudi baada ya siku nne na barua na sidii.

Barua ilikuwa fupi na ya kutuliza moyo. Gego lina mfereji wa nne ambao haujatibiwa. Katika uwazi wa mfupa ulio juu ya jino, kando ya pua, kuna kuta nyembamba za mfupa, jambo la kawaida kwa watu wengi. Basi.

Alya aliitia sidii kwenye kompyuta yake adhuhuri moja, peke yake. Skana ilikuwa imelikata taya la Kaltum vipande vyembamba kama karatasi, na kompyuta ikavipanga tena mpaka likawa taya zima juu ya kioo, ambalo aliweza kuligeuza kwa kipanya, kulitazama kwa juu, kwa chini, kwa nyuma, hata kuingia ndani ya jino na kutembea humo. Kwa dakika kumi alisahau hofu. Aliuona mdomo wa mfereji wa nne pale ulipokuwa umejificha: milimita mbili kutoka mfereji wa jirani, kuelekea kaakaa, chini ya utando wa nusu milimita. Aliandika vipimo vyote. Aliandika pembe ya kuingilia. Bila picha ile angechimba kwa kubahatisha na kuitoboa sakafu ya jino.

Kisha akaufuata mfereji kwenda juu, na haukuishia kwenye ncha ya mzizi.

Ulitoka mzizini, ukapita mfupani, ukaingia kwenye uwazi ule wa kando ya pua, na kutoka hapo ukapanda hadi chini ya jicho. Na zile kuta nyembamba zilizotajwa kwenye barua zilikuwapo kweli, lakini Alya alikuwa ameona kuta kama hizo kwa wagonjwa wengine, moja, mbili, zimepinda kama kucha. Hizi zilikuwa zimenyooka. Zilikutana kwa pembe kamili. Zilifanya vyumba vinne na korido, na kila chumba kilikuwa na pengo upande uleule, mahali pa mlango. Katika chumba cha nyuma palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele.

Alizima kompyuta, akaenda kutawadha, akaswali adhuhuri. Aliporudi na kuiwasha tena, ile punje ilikuwa kwenye korido.

Sidii haiandikiki ikishaandikwa. Hilo alilijua vizuri, na alijirudia moyoni huku akifungua na kufunga, akifungua na kufunga, na kila mara ile punje ilikuwa imehama, imeingia chumba cha upande wa kulia, imesimama mlangoni, imerudi nyuma, kama mtu anayezunguka katika nyumba tupu akitafuta pa kuketi, mpaka mara ya saba alipoikuta imesimama kwenye pengo la mbele kabisa, lile linaloelekea kwenye jino, na akahisi, ingawa punje haina macho, kwamba inamtazama yeye.

Alimwita Mazin aje aone. Hakumwambia kitu, alimgeuzia kioo cha kompyuta tu. Mazin alivaa miwani, akainama karibu.

“Hapa ndipo tulilala,” alisema, akigusa chumba cha kushoto. Kidole chake kikasogea hadi kile cha nyuma. “Na hapa ndipo palikuwa sufuria.”

Kilichofuata kilikuwa kosa la Mazin, na alikuja kulijutia mpaka akafa. Kwa kuogopa, alimleta mtu mmoja kutoka nje ya mji aliyejisifu kwamba hakuna jini lililowahi kumshinda. Mtu huyo hakuuliza lolote. Alimfungia Kaltum chumbani na moshi, akamchapa fimbo za mgongoni, akiamuru, akifoka, tangu alasiri hadi magharibi. Sauti iliacha kuita kutoka kwenye jino. Ikaanza kuita kutoka nyuma ya jicho la kulia, na jicho likajaa damu mpaka weupe wake wote ukapotea. Yule mtu alipoliona alitoka bila kuvaa viatu vyake.

Asubuhi yake mama yake Alya alikwenda Buyenzi akarudi na Mwanasiti. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, hajafika hata miaka arobaini na tano, aliyeuza uji asubuhi, na anapoitwa huosha maiti za wanawake na kutoa majini. Alikaa kando ya Kaltum akala njugu zake kimya, akasikiliza ile sauti kama mtu anayesikiliza habari za msiba. Kisha akasema kwamba jini akisukumwa hutafuta njia pana, na jicho ni njia pana kuliko zote. Akipitia huko, mama huyu ataamka kipofu, au hataamka. Ni lazima atoke alikoingilia. Akauliza aliingilia wapi.

Chumbani walikuwamo Mazin, Nura, na mama yake Alya. Alya aliwaambia. Aliwaambia juu ya pamba, na kesho iliyofika baada ya siku tisa. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimwuma kuliko lawama.

Akamwonyesha Mwanasiti picha. Mwanamke yule aliligeuza taya la Kaltum juu ya kioo huku na huku, akishangaa kidogo, akafuata mfereji kwa ukucha wake kutoka chumba hadi chumba. Alisema kazi yake siku zote huifanya kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta mlango gizani, na leo amepewa ramani ya nyumba. Walipanga pamoja. Mwanasiti angelilinda jicho. Alya angefungua mlango.

Ilikuwa Alhamisi tena, saa sita. Jenereta ilinguruma uani. Kaltum alilazwa kitini, Mazin akasimama miguuni pake, Médiatrice akashika sinia huku rozari yake ikiwa imejichora mfukoni. Mwanasiti aliketi kichwani, akaweka kiganja juu ya jicho la kulia, akaanza Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini. Mashine ya kutobolea ilipolia, Mwanasiti alikatiza kisomo akakiri kwamba meno yake mawili yameoza lakini angeosha maiti kumi kabla ya kukalia kiti kile. Kaltum alicheka kwa koo. Ndilo cheko la mwisho lililosikika humo siku hiyo.

Alya alifuata vipimo vyake. Milimita mbili kuelekea kaakaa. Nusu milimita kwenda chini. Ncha ya mashine ilizama kidogo, na pale palepale picha iliposema, kitundu kikatokea, cheusi, kidogo kama tundu la sindano. Harufu ya maharage ilimjia usoni kwa joto, kama mtu amefunua sufuria.

Alichukua kijisindano cha kusafishia mizizi, kile chembamba kabisa, akakiingiza. Milimita kumi. Kumi na tano. Picha ilisema mzizi unaishia ishirini na moja. Alifika ishirini na moja na kijisindano hakikugota popote, kikaendelea, ishirini na tatu, ishirini na tano, mpaka kishikio chake kikagusa jino na hapakubaki kitu cha kusukuma, na hapo, wakati anataka kukirudisha, akahisi kimeshikwa kule juu na kitu kisichotumia nguvu nyingi, kinachoshika tu, kama mtoto anavyoshika kidole cha mtu mzima akiwa usingizini, na kikaanza kukivuta taratibu kuelekea kwenye jicho.

Mwanasiti aliuliza ni nani.

Jibu lilitoka kinywani mwa Kaltum bila midomo kusogea, kwa Kiswahili cha mjini, kwa ile sauti ya mke wa mwalimu. Jini lilisema halina jina. Lilikuwa likikaa nyuma ya mafiga ya nyumba ile tangu baba yake Pierre alipoijenga, halikumdhuru mtu, lilikula sauti zao tu, kelele za pacha, vyombo, ugomvi mdogo wa asubuhi. Siku moja hawakurudi.

“Nikaita,” ilisema. “Nikaita kwa sauti ya mama yao. Hakuna aliyeitika. Huyu akaja na mlango wazi.”

Mwanasiti akaliamuru lirudi kule lilikotoka.

“Kule kimya.”

“Na kukiwa na watu?”

Kijisindano kilitulia. Jenereta iliendelea kunguruma. Kisha neno moja likatoka, polepole, kwa hamu iliyomfanya Médiatrice ajibanze ukutani.

“Watoto?”

Mwanasiti hakumtazama Mazin. Alimtazama Alya. Na Alya alielewa anaulizwa nini, akaelewa pia kwamba aliyesema tusimuitike alisema kweli; lakini vidoleni mwake kijisindano kilianza tena kuvutwa juu, na chini ya kiganja cha Mwanasiti tone la damu lilichuruzika likashuka hadi sikioni mwa Kaltum.

“Watakuwepo,” alisema Alya.

Kikaachiwa. Harufu ilimiminika chumbani, maharage na moshi na sabuni ya kufulia na nywele za watoto zilizolowa, ikawafunika wote, na katikati yake wakasikia nyayo zenye maji zikitembea juu ya sakafu ya saruji, hazikimbii, kutoka kitini hadi mlangoni. Pazia likasogea. Ngazi zikalia moja baada ya nyingine mpaka chini. Baadaye ilibaki harufu ya dawa ya meno tu.

Alya aliingiza kijisindano tena. Kikagota milimita ishirini na moja kamili. Aliusafisha mfereji, akauziba. Kaltum alilala siku mbili. Siku ya tatu jicho lilikuwa jeupe, akaomba samaki wa kukaanga.

Ikabaki ahadi. Mazin alikwenda Ngagara kwa ndugu wa mwalimu Pierre, aliyekuwa na ufunguo na aliyeogopa nyumba isije ikabomoka kwa kukosa mtu, akapata ruhusa. Kisha akampata Mwantum. Huyu alikuwa mjane wa Rachidi, dereva wa lori aliyeuawa njiani na mzigo wake, na kwa mwaka na nusu alikuwa akiishi kambini chini ya karatasi la plastiki na watoto wanne. Waliambiwa ni msaada. Alipokabidhiwa ufunguo Mwantum alilia, akambusu Kaltum mikono. Alya alikuwapo. Alitazama viatu vyake.

Ikapita miezi miwili. Akiwa kazini alijikuta anamwuliza Médiatrice kama maharage yanapikwa jirani. Hatimaye, asubuhi moja, alichukua gari, akapita kizuizi cha askari, akaenda Kajaga kusema ukweli.

Mwantum alikuwa uani anaanika ndagala. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, imepakwa chokaa. Alya alikaa kwenye mkeka akamweleza kila kitu, jino, picha, vyumba vinne, na kwamba ni yeye, si mwingine, aliyetoa ahadi ya watoto wa mtu bila kumwuliza mama yao. Akamwambia kwamba nyumbani kwake kuna chumba, na wanaweza kuondoka leo hii.

Mwantum aliendelea kutandaza samaki mpaka sinia likajaa.

“Najua, Dokteri,” alisema. “Nilijua siku ya kwanza.” Alijifuta mikono kwenye kanga. “Mume wangu aliuawa na watu. Nyumba yangu ilichomwa na watu. Kambini nilikuwa nalala na viatu miguuni sababu ya watu. Hii haijanifanyia kitu. Iko inaita watoto kula, na watoto wanaitika.”

Alya alitaka kumjibu. Wakati huo, kutoka jikoni ambako hapakuwa na mtu, ile sauti ikaita, ileile, isiyo na haraka wala hasira. Bukuru. Butoyi. Watoto wa Mwantum walikuwa wanacheza karibu na lango, na wawili wa mwisho, Shakuru na Saliha, wakasimama, wakaitika kwa pamoja, wakaja mbio. Wakubwa wakawafuata.

Alya alimtazama mama yao.

“Wamezoea,” alisema Mwantum, lakini hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anatazama jua. Bado haikuwa hata saa tano. “Leo imeita mapema.”

Aliinuka, akafunga lango kwa komeo, akabeba sinia la samaki. Alya alisema ni heri aondoke, barabara isije ikafungwa. Mwantum akamshika mkono, kwa heshima, lakini hakuuachia.

“Usiende, Dokteri. Ikiita mapema, tunaingia.”

Wakaingia. Watoto walikuwa wamekwisha kujipanga chini ya ukuta wa matofali, mbali na dirisha, bila kuambiwa. Haikupita robo saa risasi zikaanza, kwenye barabara ileile ya kurudi mjini, kwanza moja moja, kisha mfululizo, kisha mlipuko uliodondosha vumbi la chokaa kutoka darini. Alya alifunika uso kwa mikono. Angekuwa kizuizini wakati huo. Alihesabu dakika na kila dakika alijiona pale, ndani ya gari lake.

Watoto hawakulia. Mwantum alipakua maharage katika mabakuli ya plastiki, akawapa wanne, akajiwekea lake, akampa mgeni. Kisha akajaza bakuli la saba, akalisukuma taratibu sakafuni hadi kwenye nafasi tupu kati ya Alya na mafiga.

Alya alikusanya magoti yake, akasogea kidogo upande, akaacha nafasi.